Siku MmaOrateng Alipoiiga Ofisi Nzima

Galeboe alipokuwa darasa la tatu, mwalimu mkuu wa shule ya Moralaneng aliingia darasani ghafla akakuta watoto wameshika matumbo kwa kucheka. Mbele ya ubao alisimama mwalimu mkuu mwingine, mdogo, mwenye gauni la shule, mikono nyuma, tumbo mbele, akikohoa kabla ya kila neno. Mwalimu mkuu mwenyewe akasimama mlangoni kutazama. Akasahau, akakohoa. Yule mdogo, bila kugeuka, naye akakohoa vilevile. Bakora za siku ile Galeboe hakuzisahau, lakini alichokikumbuka zaidi ni kwamba yule mzee alipokuwa akimchapa mabega yalikuwa yakimtikisika, na hayakuwa yakitikiswa na hasira.

Hakufundishwa na mtu. Akikutana na mama fulani bombani, akifika nyumbani ndoo ikiwa kichwani bado, tayari anatembea kama yule mama, anavuta neno la mwisho kama yule mama, hata jicho moja limeshakuwa dogo kama la yule mama. Mama yake mzazi alikuwa akimwambia, "Siku moja utaingia ndani ya mtu ushindwe kutoka." Lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogeza kigoda jioni na kusema, "Haya, leo umemwona nani?"

Akaolewa na dereva wa trekta, wakazaa binti wakamwita Orateng, na kuanzia hapo kijiji kikamwita MmaOrateng, yaani Mama Orateng, kama desturi ya huko, ambako mwanamke huitwa Mma na mwanamume Rra. Wakazaa na wengine wawili. Dereva alifariki watoto wakiwa bado shuleni. MmaOrateng akawalea kwa shamba la mtama na kwa pombe aliyoipika mwisho wa wiki, na wanywaji walisema wazi kwamba pombe ya jirani ni nzuri zaidi, ila kwa jirani hakuna mtu wa kukuonyesha kasisi anavyopanda baiskeli.

Kilichompa heshima, hata hivyo, hakikuwa vichekesho. Mwaka mmoja alizikwa mzee wa upande wa juu wa kijiji, na wageni walipoondoka mjane wake alimvuta MmaOrateng pembeni.

"Nionyeshe alivyokuwa akiingia langoni," alimwambia.

"Mma, leo si siku ya mchezo."

"Sitaki mchezo. Namtaka yeye. Nimeanza kusahau alikuwa anatanguliza mguu gani."

MmaOrateng akatoka nje ya lango. Akaingia akiburuza mguu wa kushoto, akasimama, akapiga chafya mara moja, akauliza kama kuna maji ya kunywa. Mjane akacheka, akalia, akamwomba aingie tena. Tangu siku hiyo, misiba ikishapoa, watu walimwita. Naye akajiwekea masharti. Hakumwiga mtu ambaye hajamtazama muda wa kutosha. Na hakumwiga mtu akiwa na hasira naye, kwa sababu alisema hasira inakufanya ujiige mwenyewe, huku unadhani unamwiga mwenzako.

Ng'ambo ya mto wa mchanga, usio na maji ila mvua inaponyesha, aliishi mjane mwanamume, Mothibedi, mtengenezaji wa viti. Vilikuwa vile viti vifupi vya mbao vyenye kamba za ngozi ya ng'ombe ambavyo wanaume huenda navyo kgotla, kwenye baraza la kijiji. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, na maneno yake yalitoka kama ng'ombe watokao zizini asubuhi, mmoja baada ya mwingine, na huwezi kuwaharakisha. Alikuja kwa MmaOrateng kukaza kiti kimoja kilichokuwa kimelegea. Kazi ambayo mtu mwingine angeimaliza kabla chai haijapoa, yeye ilimfanya arudi kesho, na keshokutwa, na wiki iliyofuata.

"MmaOrateng," alisema siku moja huku akivuta kamba ya ngozi, "kijiji kizima umeshakiiga. Mimi hujaniiga."

"Nikuige nini, Rra? Wewe hufanyi kitu. Unakaa, unachonga, unavuta kamba. Nitashika wapi?"

"Labda hujanitazama."

"Nakuona kila siku."

"Kuonana ni jambo moja, kutazamana ni jingine." Akafunga fundo, akalijaribu kwa kidole. "Ungekuwa kwangu ungenitazama vizuri."

MmaOrateng alikuwa akichambua maharage. Aliendelea kuchambua kwa muda kabla hajagundua kwamba ameposwa, na alipogundua alimwaga maharage mabovu kwenye mazima, ikabidi aanze upya.

Orateng, aliyekuwa akifanya kazi mjini, aliposikia habari hiyo kwenye simu alipaza sauti. "Mama, kwa umri huu?"

"Umri upi? Wa kula ninao, wa kulima ninao, wa kuolewa ndio umepotea?"

Orateng akacheka mpaka akakubali. Wajomba wa pande zote mbili wakakutana, wakazungushana kama inavyopasa, wakasikilizana juu ya ng'ombe wa mahari. Kikabaki kitu kimoja tu, ofisi.

Ofisi ndogo ya wilaya pale Moralaneng ilikuwa nyumba ndefu ya rangi ya maziwa, yenye madirisha mawili ya huduma na benchi moja lililowekwa upande wa jua. Dirisha la kwanza lilikuwa la msichana mmoja aliyeitwa Bonolo. Jina hilo kwa Kitswana maana yake ni upole, na utani wa kijiji ulikuwa kwamba wazazi wake walimpa jina kwa matumaini. Dirisha la pili lilikuwa la Rra Dintwe, mtu aliyejulikana zaidi kwa koti lake la kahawia kuliko kwa sura yake.

Walikwenda wamevaa vizuri, Mothibedi na kofia yake ya sufu, MmaOrateng na shali mpya. Walipofika dirishani Mothibedi alivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Vyeti vya vifo ni dirisha la pili," Bonolo alisema, hajainua macho.

"Hatujafiwa, mwanangu," alisema MmaOrateng. "Tumekuja kuandikisha ndoa."

"Ya nani?"

"Yetu."

Ndipo Bonolo akainua macho. Alimtazama MmaOrateng, akamtazama Mothibedi, kisha akageuza shingo kuelekea ndani na kuita wenzake. "Njooni muone. Leo tuna maharusi." Wakaja wawili watatu wakachungulia, mmoja akafunika mdomo kwa mkono. Bonolo akagongagonga kalamu yake mezani. "Sasa wazee wangu, mna haraka gani? Si mngetulia tu, mbona safari yenyewe imebaki fupi?"

Ndani wakacheka. Mothibedi aliirudisha kofia kichwani polepole, akaiweka sawa, akaishusha kidogo mbele.

"Haya, nendeni kwa Rra Dintwe. Mambo ya ndoa ni yake."

Kwenye dirisha la Rra Dintwe kulikuwa na kiti, na kwenye kiti kulikuwa na koti. Walipouliza waliambiwa ametoka kidogo, si mnaona koti lake. Walikaa kwenye benchi wakihama na kivuli mpaka kivuli kikawaishia. Ofisi ikafungwa, koti likiwa palepale. Waliporudi siku nyingine koti lilikuwepo na Rra Dintwe hayupo. Siku nyingine tena waliambiwa walete mashahidi. Walipoleta mashahidi, Bonolo alikuwa kwenye chai, na alipotoka kwenye chai mashine ilikuwa imelala. Watu wa benchi walisema kwa sauti ya chini kwamba Rra Dintwe yuko kwenye ng'ombe zake huko machungani, koti linamfanyia kazi.

MmaOrateng alikaa kwenye benchi lile akatazama. Alikuwa na muda mwingi wa kutazama.

Siku ya mashahidi, wakirudi kwenye mkokoteni wa punda, Mothibedi alinyamaza hadi walipovuka mto wa mchanga.

"Tuache tu," alisema. "Tukae hivihivi. Nani atatuuliza?"

"Mimi nitakuuliza."

"Nilifanya kazi migodini ujana wangu wote. Huko tulitukanwa na watu wasiotujua, tukasema basi, hawatujui." Aliwaacha punda watembee kidogo. "Hapa ni nyumbani. Yule mtoto kiti cha babu yake nilikitengeneza mimi."

MmaOrateng alitafuta la kumchekesha. Kwa mara ya kwanza tangu amjue hakupata kitu.

Kesho yake alirudi ofisini peke yake, akamuuliza mlinzi wa lango malalamiko yanapelekwa wapi. Mlinzi akamwonyesha sanduku la mbao ukutani. MmaOrateng akasogea akakuta tundu la kutumbukizia limezibwa kwa udongo, vizuri kabisa, kama limekandikwa na fundi.

"Hili sanduku anapelekewa nani?"

"Kwa sasa nyigu," alisema mlinzi. "Wanazaliana humo. Ufunguo mimi sijawahi kuuona, Mma, na ukija kuwafungulia usinihesabu."

Alikwenda moja kwa moja kwa Kgosi Letlole, chifu wa kijiji, mtu mnene mwenye subira. Kgosi alimsikiliza, akamwambia hayuko peke yake. Wiki nzima iliyopita watu walikuwa wakija kwake, mmoja na cheti cha mtoto, mwingine na kiwanja, na wote wakimwomba asiwataje. Ndiyo maana alikuwa amempelekea habari mkuu wa ofisi za wilaya, Rra Senwelo, na mkuu huyo amekubali kuja kgotla kuwasikiliza wananchi, na wafanyakazi wote wawepo.

"Uje na wewe useme," Kgosi akamwambia.

"Kusema sijui sana, Kgosi."

Kgosi Letlole akamtazama kwa muda mrefu. "MmaOrateng, mimi mwenyewe umeshaniiga. Nimeambiwa."

"Mara moja tu, Kgosi. Ukiwa unalala barazani."

"Nimeambiwa nilikoroma vizuri," alisema Kgosi, akamuaga.

Siku ya baraza kgotla ilijaa. Wanaume walikuja na viti vyao, wanawake wakatandika shali, na nje ya uzio wa magogo vijana waliegemea wakila ubuyu. Rra Senwelo, mtu mwembamba mwenye miwani, alikaa karibu na Kgosi. Nyuma yake walipangwa wafanyakazi wa ofisi, Bonolo akiwa wa kwanza, amekunja mikono.

Wasemaji wakasimama mmoja mmoja, na wote walizungumza kama watu wanaotembea pembeni ya ng'ombe mkali. Mmoja alisema huduma ni nzuri, isipokuwa kuna mahali pengine inaweza kuongezwa uzuri kidogo. Mwingine alishukuru serikali, akashukuru tena, akakaa. Mama mmoja alisema wakati mwingine mtu anachelewa, lakini labda ni yeye aliyewahi. Kila walipomaliza, Rra Senwelo aliandika na kusema, "Nimelisikia. Tutalifanyia kazi." Kila mtu alijua kwamba Jumatatu atasimama mbele ya dirisha lilelile, na kila mtu aliogopa dirisha hilo.

MmaOrateng akainuka. Watu wakageuka wote kwa pamoja, na minong'ono ikapita kama upepo kwenye mtama.

"Kgosi, Rra Senwelo, wazee, akina mama. Mimi mambo ya huduma siyajui kuyaeleza. Nikiruhusiwa nitaonyesha tu, kisha mtu mwingine ayape jina."

Kgosi akaangalia chini, akijizuia. "Onyesha."

Akaivuta meza ndogo iliyokuwa karibu na Kgosi, akakaa nyuma yake. Akavuta pumzi, na mabega yake yakashuka, shingo ikarefuka, kidevu kikaenda pembeni, na mkono ukaanza kugonga kalamu isiyokuwepo. Kabla hajafungua mdomo, wanawake wa mbele walikuwa wameshaanguka juu ya wenzao. Akaongea. Alimwita mtu bila kumtazama, akamrudisha nyumbani kufuata karatasi aliyoishika mkononi, akapiga miayo, akatazama kucha, akanyanyuka kwenda chai kwa mwendo wa mtu anayejua anangojwa. Sauti ilikuwa ya Bonolo mpaka kule kwenye kona za maneno. Mzee mmoja aliondoka kwenye kiti chake akakaa chini kabisa, akasema ni salama zaidi.

Halafu MmaOrateng akavua shali yake, akaitundika kwenye kiti kitupu, akaiamkia kwa heshima zote.

"Dumela, Rra. Habari za nyumbani? Nimekuja kwa ile ndoa." Akangoja. Akainamisha sikio. "Samahani, Rra, sikukusikia." Akangoja tena, akageukia watu kama anayewatafsiria. "Anasema nirudi kesho." Akaondoka hatua mbili, akarudi, akainyoosha shali mabega. "Umepungua, Rra. Ng'ombe wanakuchosha."

Hata wafanyakazi walicheka sasa, wakiinamisha vichwa. Rra Senwelo alivua miwani akaifuta, akaivaa, akageuka nyuma. "Huyu Rra Dintwe ni yupi kati yenu?"

Wafanyakazi waliangalia kiti cha mwisho katika mstari wao. Kilikuwa kitupu, na mgongoni mwake lilining'inia koti la kahawia. Mwenyewe alikuwa amekuja asubuhi, ameonekana, amelitundika, na ameshaondoka.

Kgotla ililipuka. Vijana walipiga magogo ya uzio kwa mikono. Kgosi Letlole alijaribu kuinua mkono kutuliza watu, akaishia kujifutia nao machozi ya kicheko. Ilichukua muda mpaka Rra Senwelo aweze kuongea, na alipoweza alianza, "Basi, nimelisikia. Tutali..." MmaOrateng alikuwa amesimama mbele yake akimtazama kwa makini, kichwa upande mmoja, na watu waliolijua jicho lile walianza kucheka upya.

"Sijamaliza, Rra," alisema MmaOrateng. "Kimebaki kimoja."

Akaenda upande wa wanaume, akamnyooshea mkono Mothibedi, naye bila kuelewa akampa kofia. MmaOrateng akaivaa, akarudi mbele ya meza. Akawa mrefu. Sijui mtu mfupi anafanyaje kuwa mrefu, lakini waliokuwepo wote watakuambia. Alitembea hadi mezani kwa hatua za mtu aliyevaa viatu vizuri kwa ajili ya jambo jema. Akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeona haya. Akangoja. Kisha uso wake ukabaki palepale, na tabasamu likaondoka polepole bila kwenda mahali. Akairudisha kofia kichwani. Akaiweka sawa. Akaishusha kidogo mbele, kufunika macho.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alikuwa na mzazi, na kila mmoja alimwona mzazi wake amesimama mbele ya dirisha. Mothibedi mwenyewe alikuwa ameinamia magoti yake.

Bonolo akasimama. Uso ulikuwa umemwiva.

"Mimi siongei hivyo," alisema.

Alilisema kwa sauti ileile, kidevu pembeni, kwa kuvuta neno la mwisho, hata vidole vikagonga paja. Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, na kgotla nzima ikafuata. Bonolo alitazama huku na huku kama mtu aliyejikwaa kwenye kitu asichokiona. Kisha akajisikia. Alifunika uso kwa mikono, akakaa, na wale waliokuwa karibu naye walisema alikuwa akicheka na kulia, hawakujua kipi zaidi.

Aliposimama tena sauti ilikuwa imeshuka. "Kazi ya madirisha mawili naifanya peke yangu tangu baridi ya mwaka jana. Nimesema ofisini, sikusikika. Nimechoka, na nikichoka naona kila anayekuja amekuja kunichosha." Akamgeukia Mothibedi. "Lakini hilo halinipi ruhusa ya kumcheka mzee. Rra Mothibedi, naomba radhi."

Akatoka kwenye mstari, akavuka kgotla mbele ya watu wote, akapiga goti mbele ya Mothibedi na kumpa mkono, mkono wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko cha kulia, kama mtoto aliyelelewa. Mothibedi akaupokea. Akakaa kimya, na watu wakangoja, wakijua hali yake.

"Nimesikia, mwanangu," akasema mwishowe. Akamgeukia MmaOrateng, na sasa kitu kilianza kumchemka kifuani, polepole, mpaka kikatoka, kicheko kizito ambacho kijiji kilikuwa hakijakisikia tangu afiwe. "Kumbe ndivyo ninavyovaa kofia?"

"Ndivyo."

"Mbona nimependeza."

Rra Senwelo hakurudia maneno yake ya kwanza. Alisema palepale kwamba kuanzia Jumatatu dirisha la pili atalikalia yeye mwenyewe mpaka apatikane mtu, na kwamba Rra Dintwe akirudi kuchukua koti lake aletwe kwake ofisini. Watu walidhani ni maneno tu. Lakini Jumatatu walimkuta amekaa, tai imelegea, jasho linamtoka, na mama mmoja anamfokea kwamba ameandika jina la mtoto vibaya. Sanduku la malalamiko alilifungua kwa mkono wake, bila kumuuliza mlinzi. Kwa siku chache zilizofuata alihudumia watu akiwa na jicho moja lililovimba, na watu walimpenda zaidi kwa hilo. Rra Dintwe alipelekwa ofisi ya mbali ambako, walisema, joto ni kali kiasi kwamba hakuna anayevaa koti.

Jumamosi moja Bonolo akaja kwa MmaOrateng. Alisimama langoni akapiga hodi kama mgeni, akaingia, akakaa chini bila kutafuta kiti, akaanza kusaidia kuchambua mboga za majani zilizokuwa kwenye ungo.

"Nionyeshe tena," alisema baada ya muda.

"Ya nini? Kidonda hakijapona, unataka kukikuna."

"Mama yangu aliniambia nimebadilika tangu nipate kazi. Nikamwambia ananionea wivu. Nataka kuona."

MmaOrateng akaweka ungo chini. "Ninaye Bonolo mwingine. Huyo sikumpeleka kgotla, muda haukutosha." Akakaa sawasawa, akainamisha kichwa kama anayeandika, na kutoka puani mwake ukaanza kutoka wimbo mdogo, wa kubembeleza. Mkono mmoja uliandika, na mwingine, bila yeye kuuangalia, ulikuwa ukitikisatikisa funguo juu ya meza.

Bonolo alikunja uso. "Huyo ni nani?"

"Ni wewe. Mtoto akilia pale dirishani unamwimbia na kumchezeshea funguo. Kila mara. Hujui?"

Bonolo hakujua. Alikaa na jani la mboga mkononi, akilikunja na kulikunjua. "Sasa kwa nini hukuwaonyesha watu huyo?"

"Kwa sababu huyo halalamikiwi," alisema MmaOrateng. "Leta hizo mboga, utazimaliza kwa kuzikunja."

Ndoa ilifungwa mwanzoni mwa msimu wa mvua, Ijumaa asubuhi, katika chumba kidogo cha ofisi ambacho hakikuwahi kuingiza watu wengi kiasi kile. Orateng alikuja kutoka mjini na wadogo zake. Bonolo ndiye aliyewaita ndani. Alitoka nje hadi kwenye benchi, akawaamkia kwanza, akawauliza wameamkaje, na wakati yeye akiuliza, Rra Senwelo alikuwa mlangoni akijifanya anatazama mawingu. Walipofika kwenye swali kubwa, MmaOrateng alijibu haraka mpaka watu wakacheka. Mothibedi alipoulizwa, alinyamaza. Rra Senwelo akasubiri, akatazama karatasi, akamtazama bwana harusi, akaanza kupata wasiwasi.

"Usijali, Rra," MmaOrateng alimnong'oneza. "Linakuja. Liko njiani."

Likaja. "Ndiyo," alisema Mothibedi, na vigelegele vikapasua chumba.

Nyumbani nyama ilikuwa imechemshwa na kupondwa, kama ipikwavyo kwenye harusi za huko, tangu alfajiri kwenye vyungu vikubwa vya miguu mitatu, na ugali wa mtama mchachu ulitosha kijiji na majirani wa kijiji. Kgosi Letlole alikula mara mbili, akalala kwenye kiti, na watu wakawatuma watoto wakamwite MmaOrateng aje kulinganisha. Bonolo alicheza mpaka viatu akavitupa. Saa za mchana mawingu yalifunga, na matone ya kwanza yakaanguka mazito kwenye vumbi. Hakuna aliyekimbilia ndani. Walisimama uani wakilowa, wakiitika "Pula", yaani mvua, kila wingu lilipounguruma, na Mothibedi akavua kofia ili naye alowe kama wenzake.

Ikanyesha mpaka mto wa mchanga ukaanza kutembea. Jumatatu wenzao wote walikuwa wameshaondoka kwenda mashambani kulima, na maharusi bado walikuwa wakipakia mbegu, sufuria na kuku kwenye mkokoteni, MmaOrateng akiongea, Mothibedi akitafuta neno la kumjibu, na punda wamesimama tu kwenye matope, wakingoja wamalize.